Kubeti kupigwe marufuku au kudhibitiwe? Niyaonayo nikiwa nyuma ya kaunta ya wakala

Mwalimu wa Namba (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi,

Nimefundisha hisabati katika shule za sekondari kwa miaka 31, na tangu nistaafu nimekuwa wakala wa fedha za simu hapa Morogoro, kando ya barabara iendayo stendi ya Msamvu. Nimesoma nyuzi nyingi zinazouliza kama michezo ya kubeti ipigwe marufuku au iachwe chini ya udhibiti, na karibu zote huishia pale pale: upande mmoja unataja dini na maadili, na upande wa pili unataja kodi, ajira na uhuru wa mtu mzima. Naomba leo nilete jambo ambalo sijaona likipewa uzito wake, nalo ni kasi ya mchezo wenyewe, yaani ni mara ngapi kwa saa moja mtu anaweza kuweka dau, na fedha hizo zinapita mlango gani.

Nianze na daftari langu la miamala. Jumamosi moja mwezi uliopita kijana wa bodaboda anayeegesha pikipiki mbele ya kibanda changu aliweka shilingi 5,000 saa nne asubuhi. Saa tano na dakika ishirini akaweka 3,000. Kabla ya adhuhuri akaweka 2,000, akampeleka abiria Kihonda, akarudi na noti ya elfu mbili aliyolipwa, ingali imekunjwa mara nne kama ilivyotoka kwenye pochi ya abiria, akaniomba niiweke nayo. Hadi jioni saini yake ilikuwa imeonekana mara saba katika kurasa mbili. Sikumuuliza anapeleka wapi fedha hizo, kwa sababu alikuwa akiingiza namba ya kampuni ya kubeti akiwa bado amesimama mbele yangu. Mimi nami nilipata kamisheni yangu katika kila muamala, na nalisema wazi ili mjue kwamba ninayeandika haya nina fungu ndani yake.

La pili ni la nyumbani. Mtoto wa marehemu dada yangu anasoma chuo, na muhula uliopita boom lake, yaani fedha za mkopo za kujikimu, la miezi miwili lilikwisha kwa usiku mbili. Halikwisha kwa mikeka ya mpira, yaani tiketi za kubashiri mechi kadhaa kwa pamoja ambazo zote lazima upatie ndipo ulipwe, ambayo amekuwa akiicheza tangu kidato cha sita bila mimi kujua. Lilikwisha kwa kindege. Kwa wasiokijua, ni mchezo wa kwenye simu ambamo picha ya ndege hupaa huku namba ikipanda, na mchezaji anatakiwa kuchukua fedha zake kabla ndege haijatoweka. Raundi moja ikiisha, nyingine inaanza papo hapo, usiku na mchana, bila kusubiri refa, msimu wala hali ya hewa.

Nilipomketisha ili nielewe, nilifanya kile ninachokijua, nikachukua karatasi na kalamu. Naomba mnivumilie, kwa sababu hesabu ndiyo hoja yangu yote.

Chukueni kwanza mkeka wa mechi kumi, na tuseme mchezaji ni mjuzi kiasi kwamba kila timu anayoichagua ina nafasi ya asilimia 70 ya kushinda. Nafasi ya mkeka wote kutiki ni 0.7 iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi, ambayo ni chini kidogo ya asilimia 3. Nafasi ya kupatia mechi tisa na kukosa moja ni kama asilimia 12, zaidi ya mara nne ya nafasi ya kushinda. Ndiyo maana kila kijiwe kina mtu anayesimulia timu moja iliyomchania mkeka. Yeye huona ni mkosi na huamini kwamba amekaribia, kumbe kukosa kwa mechi moja ndilo tokeo la kawaida kabisa la mkeka mrefu. Tena kampuni hailipi kulingana na nafasi halisi. Ikijiachia asilimia 5 tu katika kila mechi, sehemu yake hujizidisha kadiri mkeka unavyorefuka, hata katika mechi kumi fedha zinazotarajiwa kurudi kwa wachezaji ni kama shilingi 60 kwa kila 100 zilizowekwa.

Sasa kindege. Kampuni iliyokibuni, Spribe, hutangaza kwamba mchezo huo hurudisha asilimia 97 ya madau. Ukisoma haraka utadhani ni wa huruma kuliko mkeka. Mpwa wangu alikuwa akilenga kutoa fedha zake namba ikifika mara mbili ya dau, na kwa kiwango hicho cha asilimia 97 nafasi yake ya kupoteza katika kila raundi ni asilimia 51 na nusu. Kila alipopoteza aliongeza dau maradufu, jambo ambalo vijana huliita kukomboa: 2,000, kisha 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, 64,000. Ukipoteza mara sita mfululizo, shilingi 126,000 zimekwenda na raundi ya saba inadai 128,000. Mfululizo wa kupoteza mara sita hutokea kwa mara ya kwanza, kwa wastani, baada ya raundi 110 hivi. Nilikaa na saa ya mkononi nikahesabu raundi katika simu yake, nikapata 24 kwa dakika kumi. Maana yake raundi 110 ni dakika 46. Mtu anayeweka mkeka mmoja kwa siku angehitaji zaidi ya miezi mitatu na nusu kujaribu mara hizo hizo 110, na katikati ya miezi hiyo angelala, angekula, angegombezwa na mkewe, angepata mshahara, pengine angeghairi. Kijana aliyeketi kitandani saa nane usiku hana muda wa kughairi.

Kwa hiyo nikiulizwa kama kubeti kupigwe marufuku, najibu kwanza kwa kuuliza ni kubeti kupi. Sheria yetu ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliandikwa miaka mitano kabla fedha za simu hazijaanza nchini mwaka 2008. Wakati ule mtu aliyetaka kucheza alipaswa kuvaa viatu, atoke, aende kasino au mahali penye mashine, abadilishe noti, na mlango ulikuwa na saa ya kufungwa. Masharti ya umri wa miaka 18 yalikuwa na maana kwa sababu kulikuwa na mtu mlangoni. Leo mlango ni simu, na simu haifungwi.

Kuna na suala la nani anasimamia. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iko chini ya Wizara ya Fedha. Siwatuhumu watumishi wake kwa lolote, lakini wizara hiyo kazi yake ni kukusanya mapato, na kila bajeti hupimwa kwa kiasi kilichoingia. Mchezaji anayepoteza zaidi ndiye anayeleta kodi zaidi. Sioni jinsi mtu yule yule anaweza kupewa kazi ya kumkamua ng'ombe na kazi ya kuhakikisha ng'ombe hakonde, kisha akaulizwa kila Juni habari za maziwa peke yake.

Hata lugha yetu imesaidia kuficha jambo hili. Wazee wetu walisema kamari, na neno hilo lilikuwa na aibu ndani yake. Sheria ikasema michezo ya kubahatisha, vijana wakasema kubeti, na matangazo yakasema ushindi. Watoto wa darasa la nne hapa mtaani wanavaa jezi za Simba na Yanga zenye majina ya kampuni za kubeti kifuani, wakiyasoma majina hayo kabla ya kujua kusoma vizuri kitabu cha sayansi. Mwaka 2022 Simba ilitia saini mkataba wa miaka mitano na kampuni ya kubeti wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 26. Sizilaumu klabu kwa kutafuta fedha. Nauliza tu ni nani mwingine angepewa kifua cha mtoto kwa namna hiyo.

Pendekezo langu ni hili. Michezo ya kasi kwenye simu, yaani kindege na jamaa zake wote ambao raundi yao hupimwa kwa sekunde, ipigwe marufuku moja kwa moja bila kuzungushana. Mashine za dubwi, zile za kamari za kutumbukiza sarafu, zilizotapakaa hadi kwenye vilabu vya pombe za kienyeji ziondolewe mitaani, kwa sababu ni kasi ile ile iliyowekwa ndani ya sanduku. Mikeka ya mpira ibaki, lakini mitandao ya simu ilazimishwe kuweka ukomo wa fedha ambazo namba moja inaweza kupeleka kwa kampuni zote za kubeti kwa siku, na dirisha hilo lifungwe usiku. Na huduma ya kukopeshwa salio ili kukamilisha muamala isikubali kamwe kulipa kampuni ya kubeti. Uingereza ilizuia kubeti kwa kadi za mkopo mwaka 2020, na mwaka uliotangulia ilishusha dau la juu la mashine za dukani kutoka pauni 100 hadi pauni 2, baada ya malalamiko ya miaka mingi kwamba mtu aliweza kuweka pauni 100 kila sekunde 20. Huko hawakuifuta kamari. Waliigusa pale ilipokuwa inaumiza zaidi.

Karibuni tujadili.

---

Mpwani wa Tanga

Mwalimu, shikamoo. Nimeisoma hesabu yako mara mbili na ninakushukuru, kwa sababu imenisaidia kueleza kwa namba kile ambacho sisi tulifundishwa madrasa kwa aya. Katika Surat al-Maida aya ya 90, kamari imetajwa pamoja na ulevi na kuitwa uchafu katika kazi ya shetani, na amri iliyofuata ni kuiepuka, hapakuwa na amri ya kuipunguza. Ndugu zetu Wakristo nao wana makanisa mengi yanayoikataza.

Naomba nikupinge katika jambo moja. Unasema mikeka ibaki kwa sababu ni ya polepole, lakini mpwa wako alifikaje kwenye kindege? Umesema mwenyewe kwamba alianza na mikeka kidato cha sita. Programu ni ile ile, akaunti ni ile ile, na kindege kimewekwa kitufe kimoja tu kando ya mechi. Aliyeingia kutazama odi, yaani viwango vya malipo, za Ligi Kuu anakikuta kinapaa. Ukiacha mlango wa mbele wazi, umefunga chumba cha ndani kwa kufuli gani?

Na wale wanaosema kwamba marufuku haiwezekani watazame India. Mwezi wa Agosti 2025 nchi hiyo yenye watu zaidi ya bilioni moja ilipitisha sheria inayokataza michezo yote ya mtandaoni ya kuchezea fedha. Adhabu zimeelekezwa kwa wanaotoa huduma, wanaoitangaza na wanaopitisha malipo, na mchezaji mwenyewe hakufanywa mhalifu. Kama wao wamethubutu, sisi tunashindwa nini?

---

Mwalimu wa Namba (mleta uzi)

Marahaba, ndugu yangu wa Tanga. Hoja yako ya kitufe ni ya kweli na sikuwa nimeiweka sawa. Nilipaswa kuandika kwamba kampuni yenye leseni ya kubetisha michezo isiruhusiwe kuweka mchezo mwingine wowote katika programu hiyo hiyo. Naiongeza.

Kuhusu marufuku kamili, sikupingi kwa imani, kwa maana nyumbani kwangu kamari haikubaliki. Ninachohofia ni kile kilichotokea kwa jirani zetu wa Uganda. Sheria yao ya mwaka 2016 iliweka umri wa chini kuwa miaka 25, mkubwa kuliko wetu kwa miaka saba, na Januari 2019 Rais Museveni aliagiza kampuni mpya za kubeti zisipewe leseni na za zamani zisihuishiwe zikiisha muda. Miaka imepita na maduka ya kubeti Kampala yapo, na vijana wa miaka 19 wanacheza. Amri ilitoka juu kabisa, lakini haikugusa njia ambayo fedha hupita. Hilo la India la kuwabana wanaopitisha malipo ndilo hasa ninalolitaka, na ukilipata hilo, tofauti yangu na yako itakuwa ndogo sana.

---

Mlipa Kodi

Kwa heshima zote, Mwalimu, mimi nina miaka 38, nina familia, na kila Jumamosi naweka shilingi 1,000 kwenye mkeka wangu kama wengine wanavyonunua soda. Sijawahi kukosa kulipa ada ya mtoto. Kwa nini mtu mzima anayefanya kazi awekewe ukomo na Serikali kwa sababu kijana mmoja alishindwa kujizuia? Kesho mtatuwekea ukomo wa bia. Pia tukumbuke kwamba watu watakwenda kwenye tovuti za nje zisizo na leseni, na Serikali itakosa kodi na udhibiti pia.

---

Mwalimu wa Namba (mleta uzi)

Ndugu Mlipa Kodi, ukomo ninaoupendekeza hautakugusa wewe hata kidogo. Mwenye kuweka 1,000 kwa wiki hawezi kufika ukomo wa siku, hata ukiwekwa chini sana. Utamgusa yule aliyeweka mara saba kwa siku moja mbele ya kibanda changu. Na bia uliyoitaja ina saa zake za kuuzwa na ina leseni ya mahali, wala hakuna baa inayomfuata mteja kitandani saa nane usiku ikimpigia kengele kwamba amepewa chupa ya bure akirudi sasa hivi. Mpwa wangu alipokea ujumbe wa bonasi saa saba na dakika kumi na mbili usiku. Nimeuona kwa macho yangu.

Kuhusu tovuti za nje, tovuti hizo nazo zinahitaji fedha iingie. Vijana wengi wa hapa hawana kadi za benki za kimataifa, wana laini ya simu. Muamala ukizuiwa kwenye laini ya simu, wachache watatafuta njia za panya, sikatai, lakini dereva wa bodaboda mwenye noti ya elfu mbili hatasumbuka kutafuta sarafu za mtandaoni.

---

Binti Keshia

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni keshia katika duka la kubeti jijini Mwanza kwa mwaka wa nne sasa, na ningependa mtusikilize na sisi, kwa sababu kila mjadala wa marufuku ukianza, tunaotajwa kufungwa ni sisi wenye mabati na meza, ilhali tatizo analolieleza Mwalimu haliko kwetu.

Dukani kwangu mtoto akiingia na sare za shule namtoa. Mtu akija amelewa namwambia arudi kesho. Kuna baba mmoja anayeuza samaki mwaloni ambaye mke wake alikuja akatuomba tusimuuzie mkeka wa zaidi ya shilingi 2,000. Hatukuwa na kanuni yoyote inayotutaka tukubali, lakini tulikubali, na mwenyewe alipokuja akakasirika, kisha akazoea, na sasa anacheza mkeka wake mmoja, anakaa na wenzake kutazama mechi, wanabishana, anaondoka. Saa tatu usiku nafunga. Mchana wa siku ya kawaida nauza mikeka mia moja hivi, na kila mmoja nimeupokea kwa mkono wa mtu ninayemwona uso.

Lakini kuanzia mwaka juzi wateja wetu vijana wamepungua. Hawajaacha kucheza, wamehamia kwenye simu. Wakipita wananisalimia wakiwa na simu mkononi, na naona ndege inapaa. Mkitufunga sisi kwanza, kwa sababu sisi ndio tunaoonekana, mtakuwa mmefunga mahali pa mwisho ambapo mchezaji anaonwa na binadamu mwenzake. Pia naomba mkumbuke kwamba kwa mshahara huu nasomesha wadogo zangu wawili. Sisemi hivyo ili kuifanya kazi yangu kuwa njema kuliko ilivyo. Nasema ili mkipanga mtupange na sisi.

---

Kisauni

Mwalimu, heshima yako. Nawaandikia kutoka Mombasa, na kwa kuwa huku Kenya tumepitia karibu kila kitu mnachokijadili, naomba niwape safari yetu kwa ufupi kidogo, kwani inaumiza.

Sheria yetu ya kamari ilikuwa ya mwaka 1966. Kwa zaidi ya nusu karne ndiyo iliyotumika, hata simu zilipokuja na M-Pesa ikaanza mwaka 2007. Uchunguzi wa kampuni ya utafiti ya GeoPoll wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa walikuwa wamewahi kucheza kamari, kiwango cha juu kuliko nchi nyingine zote tano walizozichunguza. Serikali ilipoamka, ilishika kodi. Januari 2018 kodi ya kubeti inayotozwa kampuni hizo juu ya mapato yao ya michezo ilipandishwa hadi asilimia 35, na katika mwaka huo huo ikarudishwa 15. Novemba 2019 ukaja ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau. Katikati ya 2020 ukafutwa. Mwaka 2021 ukarudi ukiwa asilimia 7.5, mwaka 2023 ukawa 12.5, Desemba 2024 ukawa 15, na mwaka 2025 ukashushwa hadi 5, safari hii ukitozwa mtu anapoweka fedha kwenye akaunti yake. Hebu zisomeni namba hizo kwa mpangilio wake. Mimi nikizisoma sioni mtu anayejaribu kumlinda kijana. Naona mtu anayejaribu bei sokoni hadi apate ile inayomwingizia zaidi.

Mara moja tu tuliona kitu kikitikisika. Julai 2019, wakati Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, kampuni 27 zilinyimwa leseni mpya na Safaricom, kampuni ya simu yenye M-Pesa, ikaagizwa kufunga nambari zao za malipo. Ndani ya siku chache kaka yangu, ambaye alikuwa hapumui bila kubeti, alikuwa amekaa barazani hana la kufanya. Hotuba hazikuwahi kumfanya akae hivyo, wala kodi. Kilichomkalisha ni nambari ya malipo iliyokataa. Hapo ndipo naungana na Mwalimu kabisa kwamba bomba liko kwenye simu. Lakini tazameni yaliyofuata. Kampuni za SportPesa na Betin zilisimamisha shughuli kabla mwaka haujaisha, klabu za mpira za Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki bila mdhamini, wafanyakazi wakaachishwa kazi, kampuni nyingine zilizopata leseni zikajaza pengo, kesi zikaenda mahakamani, na SportPesa yenyewe ikarejea mwaka uliofuata. Kaka yangu alirudi kwenye simu yake kabla ya Krismasi. Kufunga bomba kuliwezekana kwa amri ya siku moja, ila walilifunga kwa sababu ya ugomvi wa kodi, na ugomvi ulipotulia hapakuwa na sababu ya kuendelea kulifunga.

Sasa tuna sheria mpya ya mwaka 2025, iliyotiwa saini mwezi wa Agosti, inayoanzisha mamlaka mpya ya udhibiti na kuweka dau la chini la shilingi 20 mtandaoni. Miezi michache kabla yake matangazo yote ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30. Siku hizo thelathini redio ilisikika kama redio ya utotoni mwangu. Ombi langu kwenu Watanzania ni kwamba mkianza kurekebisha sheria yenu, msianzie kwenye asilimia za kodi, maana mkianzia hapo hamtatoka.

---

Mwalimu wa Namba (mleta uzi)

Ndugu wa Kisauni, umeandika kile ambacho nilikuwa nakitafuta bila kukipata. Mfululizo huo wa namba nimeunakili kwenye karatasi na nitaubandika kibandani. Kuhusu dau la chini la shilingi 20, naelewa nia ya kuwazuia wanaocheza kwa senti, lakini hesabu inaniambia dau la chini halimsaidii anayekomboa, kwa kuwa yeye tatizo lake ni dau la juu na idadi ya raundi.

Na kwako, Binti Keshia, marahaba, na asante kwa ujasiri wa kuandika. Habari ya yule muuza samaki ndiyo ninayotaka iwe sheria. Norway waliondoa mashine za kamari kote nchini Julai 2007. Miaka miwili baadaye shirika la umma lilipoleta mashine nyingine, hakuna aliyeweza kucheza bila kadi yenye jina lake, na kadi hiyo ilikuwa na ukomo wa fedha ambazo mtu angeweza kupoteza kwa siku na kwa mwezi. Waliandika ndani ya mashine kile ulichokifanya wewe kwa ombi la mke wa mtu. Sisi tunayo tayari zana ya kufanya hivyo, kwa sababu laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Simu inamjua mchezaji kuliko mimi wakala ninavyomjua. Inajua ana miaka mingapi, ameweka mara ngapi leo, na kwamba jana alikopa salio. Kinachokosekana ni agizo kwamba ijue kwa faida yake.

Kwa hiyo nakubali marekebisho: maduka yawe ya mwisho kuguswa, na yapewe kanuni ya maandishi inayomruhusu keshia kukataa.

---

Mpwani wa Tanga

Swali moja tu, Mwalimu, na usinichukulie vibaya. Keshia wa Mwanza alimkatalia mteja wake. Wewe ni wakala na umesema kamisheni inaingia mfukoni mwako. Yule kijana wa bodaboda kwa nini hukumkatalia?

---

Mwalimu wa Namba (mleta uzi)

Sijachukulia vibaya, ni swali ambalo mke wangu aliniuliza kabla yako.

Jumamosi iliyofuata nilimkatalia. Alipofika mara ya tatu kabla ya saa sita, nilimwambia, "Mwanangu, hii ya tatu siiweki. Nenda kale kwanza." Hakunijibu vibaya, ni kijana mwenye adabu. Alisema, "Sawa, Mwalimu," akairudisha noti mfukoni, akavuka barabara. Upande wa pili, hatua kama arobaini kutoka kwangu, kuna mama mmoja mwenye mwavuli na meza ya uwakala. Nilikaa kwenye kiti changu nikamwona akimkabidhi ile noti, na yule mama, ambaye hajui lolote na ana watoto wake wa kulisha, akamsogezea daftari asaini.